Kipimo Kitangulie Nyundo: Gia za Pikipiki na Elimu ya Sekondari

Msafiri anayetoka Magomeni kwa Barabara ya Morogoro, akavuka bonde la mto Msimbazi pale Jangwani na kuelekea Kariakoo, hupita katikati ya elimu mbili zinazoishi jirani bila kusalimiana. Upande mmoja zipo shule za sekondari za Jangwani na Azania, na hatua chache mbele ipo Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo chimbuko lake ni chuo cha ufundi kilichoanzishwa mwaka 1957. Humo vijana hufundishwa msuguano, uwiano wa gia, na namna ya kusoma kalipa ya vernia. Upande wa pili ipo Gerezani na mitaa ya jirani, ambako mafundi huketi juu ya vigoda, injini za pikipiki zimefumuliwa mbele yao juu ya magunia, na mikono yao imekolea oili. Huko msuguano haufundishwi ubaoni. Hulipiwa fedha taslimu.

Hoja inayoletwa mbele ya walimu na wanafunzi ni rahisi kuitamka, lakini ina uzito katika kuitekeleza. Uamuzi wa kubadili au kukiacha kipuri kilicholika ndani ya sanduku la gia ni uamuzi wa kisayansi. Haufai kuachiwa bei peke yake, wala haraka, wala mazoea. Na kwa kuwa uamuzi huo hufanywa kila siku umbali wa kutembea kwa miguu kutoka madarasani, ni hasara kwa taifa kwamba mwanafunzi hauoni na fundi hana kipimo mkononi.

Jambo lenyewe si dogo. Tangu kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za biashara zilipotolewa mwaka 2010, bodaboda imekuwa chombo halali cha kuchukua abiria nchini Tanzania, na vijana wengi sana wanaendesha maisha yao kwa chombo hicho. Wengi huendesha kwa mkataba: kila siku humpelekea mwenye pikipiki kiasi walichokubaliana, hadi hapo chombo kitakapokuwa chao. Kwa kijana wa namna hiyo, injini inayorudi kwa fundi mara mbili katika mwezi mmoja huweza kuuvunja mkataba. Na gia inayochomoka mbele ya basi katika mteremko huweza kuuvunja uhai wake na wa abiria aliyempakia.

Maoni mawili yanayoshindana

Katika vibanda vya ufundi yapo maoni mawili makuu. Maoni ya kwanza husema: badili kilichovunjika tu, vingine acha. Ikiwa gia ya pili imepoteza jino, inunuliwe gia ya pili, injini ifungwe, kijana arudi kazini. Maoni ya pili husema: maadamu injini imekwisha funguliwa, badili kila kitu. Yanunuliwe matumbo yote ya sanduku la gia, yapangwe upya, na ya zamani yatupwe katika vyuma chakavu.

Maoni yote mawili yana sababu zake. Mwenye maoni ya kwanza huitazama mifuko ya mteja. Mwenye maoni ya pili ameona kazi nyingi zikirudi. Lakini yote mawili yana kasoro moja, nayo ni kwamba hayapimi. La kwanza hudhani kwamba kisichovunjika ni kizima. La pili hudhani kwamba kipya ni bora. Dhana zote mbili huvunjwa na chuma chenyewe.

Yaliyomo ndani ya sanduku

Katika pikipiki ndogo zinazotumika Afrika ya Mashariki, zilizo nyingi zikiwa na injini za sentimita za ujazo 100 hadi 150, gia zote hukaa zimeshikana wakati wote. Zipo shafti mbili zilizolala sambamba. Kila gia ya shafti ya kwanza huuma gia mwenzake wa shafti ya pili, na jozi zote huzunguka pamoja hata pikipiki ikiwa katika nyutro. Katika kila jozi, gia moja imeshikamana na shafti yake, na nyingine huzunguka huru juu ya bushi. Dereva anapokanyaga pedali ya gia, dramu ndogo yenye mifereji huzunguka na kuzisukuma foki. Foki huisogeza gia moja upande, na vijino vilivyomo ubavuni mwa gia hiyo huingia katika matundu au vijino vya gia ya jirani iliyokuwa huru. Hapo gia ya jirani hufungwa na shafti, na nguvu huanza kupita.

Maelezo hayo yanabeba jambo ambalo wengi hulisahau. Kila gia ina wenzake wa aina mbili. Yupo mwenzake wa meno, aliye katika shafti ya pili, na yupo mwenzake wa ubavuni, aliye katika shafti ileile. Tena gia inayosogezwa ina mwenzake wa tatu, nayo ni foki. Kuibadili gia moja bila kuwatazama wenzake ni sawa na kumpa mtu mguu mmoja wa kiatu.

Vijino vya ubavuni havikuchongwa wima kabisa. Nyuso zake zimeinamishwa kwa nyuzi chache ili nguvu ya injini inapopita, gia mbili zivutwe kukaribiana. Huo ni ufundi wa hali ya juu: mzigo wenyewe ndio unaoifunga gia. Lakini pembe za vijino zikiisha kuviringika kwa kulika, mambo hugeuka kinyume. Mzigo uleule uliokuwa ukivuta sasa husukuma, na gia huchomoka. Kila inapochomoka huisukuma foki, na ncha ya foki hulika au foki yenyewe hupinda. Ikiwa fundi ataweka gia mpya na kuiacha foki iliyopinda, gia mpya haitaingia hadi mwisho. Itauma kwa pembe tu, na pembe hizo zitaviringika upesi kama za mwanzo. Mteja atarudi akilalamika kwamba ameuziwa kipuri cha bandia, ilhali kipuri kilikuwa kizuri na kosa lilikuwa la foki.

Jino halitembei peke yake

Hisabati ya shule husaidia kueleza kwa nini gia hubadilishwa kwa jozi. Uchukuliwe mfano wa gia ya kwanza ambamo gia ndogo ina meno 13 na kubwa ina meno 36. Uwiano wake ni 36 kwa 13, yaani karibu 2.77. Mwanafunzi anaweza kuuliza kwa nini mtengenezaji hakuchagua meno 12 kwa 36, ili uwiano uwe 3 kamili na hesabu iwe nyepesi. Jibu limo katika kigawe kidogo cha shirika.

K.D.S. ya 12 na 36 ni 36. Maana yake, baada ya gia ndogo kuzunguka mara 3 tu, jino lilelile hukutana tena na jino lilelile. Jino moja la gia ndogo halitakutana kamwe na zaidi ya meno 3 ya gia kubwa. Lakini 13 na 36 hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1, kwa hiyo K.D.S. yake ni 468. Gia ndogo huzunguka mara 36 kabla ya meno mawili yaleyale kukutana tena, na katika safari hiyo kila jino la gia ndogo limekwisha kukutana na kila jino la gia kubwa. Hivyo ulikaji husambaa sawasawa, na meno huzoeana.

Faida hiyo ina gharama yake. Jino moja likimeguka, ubaya wake hausambazwi kwa meno 3 bali kwa yote 36. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, na mwendo ukipunguzwa mara 4 kabla ya kufika kwenye shafti ya kwanza ya gia, shafti hiyo huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Jino lililomeguka hugonga mara 1,500 kila dakika moja. Hakuna jino la upande wa pili linalosalimika. Basi anayeiondoa gia yenye jino bovu na kumwacha mwenzake ameondoa mgonjwa mmoja na kumwacha aliyeambukizwa.

Nguvu inayopita hapo nayo si ndogo. Injini inayotoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 10, baada ya kuzidishwa mara 4 na tena mara 2.77, hutoa karibu nyutoni-mita 111 katika shafti ya pili kabla ya kuondoa upotevu wa msuguano. Mzigo wote huo hubebwa na uso mwembamba wa jino moja au mawili kwa wakati. Gia mpya ikikutana na gia iliyolika, umbo la meno halilingani, mgusano huhamia ukingoni, na mzigo uliopaswa kuenea katika upana wote wa jino hukusanyika katika mstari mfupi. Huko ndiko vishimo vidogo huanzia, na vishimo ndivyo huzaa nyufa. Wahenga waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa na gia mbele yao, lakini kanuni ni ileile.

Ngozi ngumu, moyo laini

Dawa inayotumika mara nyingi pale kipuri kinapokosekana ni kulijaza jino kwa kulichomelea, kisha kulichonga kwa tupa au mashine ya kusaga. Kazi hiyo huhitaji mkono hodari, na macho ya mteja huridhika. Hata hivyo kemia hairidhiki.

Gia za pikipiki kwa kawaida hutengenezwa kwa feleji yenye kaboni kidogo, karibu asilimia 0.2. Feleji hiyo ni laini kiasi na haivunjiki upesi. Baada ya kuchongwa, gia huwekwa kwa saa kadhaa katika joto la nyuzi 900 au zaidi za Selsiasi, mahali penye kaboni nyingi. Kaboni hupenya katika uso hadi kufikia asilimia 0.8 hivi, kwa kina kisichozidi milimita moja au pungufu yake. Kisha gia hupozwa ghafula. Uso huwa mgumu sana, na moyo hubaki mlaini wenye kustahimili mapigo. Ngozi huzuia kulika. Moyo huzuia kuvunjika. Moja bila nyingine haifai.

Moto wa kuchomelea huiyeyusha feleji, na chuma huyeyuka kwa nyuzi 1,538. Sehemu zilizo pembeni ya kidonda hupata joto la kutosha kuufuta ugumu wa ngozi ingawa haziyeyuki. Chuma kilichoongezwa nacho hakikupewa kaboni ile. Fundi anapoipasha gia hadi iwe nyekundu na kuitumbukiza katika oili, hufuata kanuni iliyo sahihi kwa patasi na kisu, ambavyo vina kaboni nyingi tangu uso hadi moyoni. Lakini mahali ambapo ngozi imekwisha kuondolewa kwa tupa, hakuna kaboni ya kutosha kugumisha chochote. Jino linang'aa, nalo ni laini kama msumari.

Haifai kumcheka fundi kwa sababu hiyo. Ujuzi wa kaboni katika chuma si mgeni katika nchi hii. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha uchunguzi wao juu ya tanuri za kale za mkoa wa Kagera, wakieleza jinsi wahunzi wa huko walivyotengeneza feleji yenye kaboni karne nyingi kabla ya meli za Ulaya kufika pwani. Walichokosa mafundi wa Gerezani si akili wala asili ya ufundi. Wamekosa daraja la kuwaunganisha na maarifa yanayofundishwa ng'ambo ya barabara.

Jaribio moja dogo laweza kufanywa hata darasani. Tupa nzuri ikipitishwa kwa wepesi katika gia iliyogumishwa, mahali pasipobeba mzigo, huteleza kama juu ya kioo. Ikipitishwa katika gia iliyo laini, huuma na kutoa unga. Hicho si kipimo kamili, lakini hufichua kipuri cha bandia kilichopakwa rangi na kutiwa katika boksi la kupendeza. Hapo ndipo maoni ya wale wanaotaka kila kitu kipya hujikwaa. Gia kuukuu yenye ngozi ngumu na vipimo vilivyo ndani ya mpaka ni bora kuliko gia mpya isiyo na ngozi.

Maji ya Msimbazi

Jangwani pana sababu nyingine ya kulika kwa gia, nayo hutoka mbinguni. Bonde la Msimbazi hufurika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwahamisha wengi, na katika misimu mingine ya mvua barabara ya pale imefungwa mara kadhaa. Maji yakiwa ya magotini, dereva wa bodaboda hupita akisukuma au akiendesha, maana mteja yuko upande wa pili.

Injini nyingi za pikipiki ndogo hutumia oili moja, kiasi cha lita moja hivi, kwa ajili ya pistoni, klachi na gia kwa pamoja. Sanduku lina tundu la kupumulia. Injini yenye moto ikizama katika maji baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta kilicho nje. Maji yakiingia, oili hugeuka rangi ya maziwa na kupoteza uwezo wa kutenganisha meno. Beringi hushika kutu usiku mmoja tu pikipiki ikiwa imelala, na kesho yake kutu hiyo husagwa na kusambazwa kila mahali.

Kwa hiyo, oili inayomwagwa ni ushahidi na si uchafu tu. Rangi ya maziwa hueleza habari za maji. Uji wa kijivu hueleza ulikaji wa kawaida. Vipande vinavyomeremeta na kunaswa na sumaku hueleza kwamba meno au vijino vinamegeka. Mwanafunzi wa kemia na fundi wakiinama pamoja juu ya karai moja la oili, kila mmoja atamfundisha mwenziwe.

Oili yenyewe ina kanuni zake. Klachi ya pikipiki hizi huzama ndani ya oili na hutegemea msuguano ili ishike. Oili nyingine za magari zina viambato vya kupunguza msuguano, navyo huifanya klachi iteleze. Kwa sababu hiyo Wajapani walitoa mwaka 1998 kiwango cha JASO cha oili za pikipiki zenye mipigo minne, na alama ya MA juu ya kopo huonyesha oili inayofaa kwa klachi ya namna hiyo. Klachi inayoteleza hula nguvu. Klachi isiyoachia vizuri hula gia, kwa maana dereva hulazimisha vijino kuingiana huku nguvu ingali inapita. Anayebadili gia bila kutazama klachi ametibu homa na kuacha malaria.

Hesabu ya kuamua

Basi ni kipi kibadilishwe na kipi kiachwe? Vipo vitu ambavyo havina mjadala. Gasketi, sili za oili na klipu zinazozuia gia zisihame katika shafti zibadilishwe kila injini inapofunguliwa. Klipu ikitanuliwa ili itoke, haikumbatii tena kama mwanzo. Bei yake ni ndogo sana, lakini ikitoka mahali pake gia mbili zaweza kushika shafti kwa wakati mmoja. Hapo sanduku hukwama na gurudumu la nyuma hufunga. Hata dereva akivuta klachi hasaidiki, kwa kuwa klachi iko kabla ya sanduku la gia, na kilichokwama kiko baada yake. Kwa vitu vinavyohusu uhai, hesabu ya fedha haina nafasi.

Vipo vitu vinavyoamuliwa kwa kipimo: unene wa ncha ya foki, upana wa mfereji wake, kipenyo cha shafti na cha bushi. Kila mtengenezaji hutoa mpaka wa kulika katika kitabu cha matengenezo, na tofauti baina ya kizima na kibovu mara nyingi ni sehemu chache za kumi za milimita. Jicho haliwezi kuiona tofauti hiyo. Mikromita huiona, na mikromita ni chombo ambacho mwanafunzi hufundishwa kukisoma mwanzoni kabisa mwa masomo yake ya fizikia.

Beringi nayo huoshwa, hukaushwa na kuzungushwa polepole kwa kidole. Ikikwaruza, iondolewe. Kununua nyingine si lazima kutegemea maneno ya muuzaji, maana namba iliyochongwa juu yake ni lugha ya dunia nzima. Beringi ya 6203 ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje cha 40 na unene wa 12. Kwa 6204 na kuendelea, tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa 5 hutoa ukubwa wa tundu: 6204 ni milimita 20, na 6205 ni 25. Namba hiyo husomwa vilevile Kariakoo, Kisekka mjini Kampala, au Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi.

Kwa vitu vilivyobaki, ambavyo vimelika lakini havijafika mpaka, hisabati ya uwezekano hutoa mwongozo. Ili kuzifikia gia katika injini nyingi za aina hii, hapana budi injini ishushwe na kasha lake lipasuliwe mara mbili. Gharama kubwa ni kufungua, si kipuri. Uchukuliwe mfano, na tarakimu zake ni za mfano tu. Kufungua na kufunga ni shilingi 60,000, na siku mbili za kukosa kazi ni hasara ya 30,000. Bushi ni 6,000, na fundi hukadiria kwamba kwa jinsi ilivyolika, uwezekano wa kuharibika mapema ni 1 kwa 5. Hasara inayotarajiwa kwa kuiacha ni moja ya tano ya 96,000, yaani 19,200. Hiyo yazidi 6,000, basi ibadilishwe. Jozi ya gia yenye bei ya 45,000 na uwezekano wa 1 kwa 10 hutoa moja ya kumi ya 135,000, yaani 13,500. Hiyo ni pungufu ya 45,000. Basi iachwe na iandikwe.

Neno iandikwe ndilo kiini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi aliyeandika vipimo vya leo atajua, pikipiki itakaporudi, ni kiasi gani kimelika katika muda gani, na makadirio yake ya 1 kwa 5 yatakuwa ujuzi badala ya kubahatisha. Sayansi yote ilianza hivyo.

Pingamizi na jibu lake

Wapo watakaosema kwamba haya ni anasa. Kijana wa bodaboda hana muda wa mikromita, na fundi hodari hutambua ubovu kwa kuweka bisibisi kwenye kasha la injini na kutega sikio. Ni kweli kwamba sikio hilo ni hazina, na hakuna chuo kinachoweza kulitoa kwa muhula mmoja. Lakini sikio husikia ubovu uliokwisha kukomaa. Kipimo huona ubovu ungali mchanga. Tena sikio haliwezi kurithishwa. Fundi akizeeka huondoka nalo, ilhali daftari hubaki.

Kuhusu gharama, historia ya vipuri yenyewe inajibu. Mwaka 1908, katika uwanja wa Brooklands nchini Uingereza, magari matatu ya Cadillac yalifumuliwa, vipuri vikachanganywa, magari yakaundwa upya na kuendeshwa maili 500. Wakati ule wengi waliamini kwamba kila kipuri lazima kilainishwe kwa tupa ili kilingane na gari lake. Kilichowezesha jambo lile ni kipimo. Hata pikipiki ya Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, ambayo umbo la injini yake limeigwa na watengenezaji wengi na kuenea Afrika, ilipata sifa kwa sababu vipuri vyake hupatikana na kuingiliana. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeuza kipuri kwa mteja asiyemfahamu, kwa pikipiki asiyoiona, anafanya biashara juu ya msingi wa vipimo. Kukataa kipimo kibandani ni kuukana msingi ambao soko lote limesimama juu yake.

Wajibu wa kila upande

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule isiwe kisiwa. Njia moja ya kuitimiza haihitaji bajeti kubwa. Gia chakavu hutupwa Gerezani kila siku. Walimu wa fizikia wakiomba ndoo moja ya gia hizo, watapata vifaa vya mazoezi vya mwaka mzima: meno ya kuhesabu kwa ajili ya uwiano na K.D.S., foki za kupima kwa mikromita, nyuso zilizomeguka za kuchora na kueleza. Mwanafunzi aliyezoea kupima waya ulionyooka ataona kwa mara ya kwanza kwamba sehemu mbili za kumi za milimita zaweza kumtupa mtu barabarani.

Mafundi nao wana sehemu yao. Kalipa moja na daftari moja katika kila kibanda ni mwanzo wa kutosha. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi waliojifunza kazini. Inafaa katika mitihani hiyo fundi aulizwe kwa nini amebadili kipuri kama anavyoulizwa namna ya kukifunga. Na Shirika la Viwango, ambalo lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, litasaidiwa zaidi na mafundi elfu wenye tupa na mikromita kuliko na wakaguzi wachache wanaongoja makontena bandarini.

Siku mwanafunzi wa Jangwani atakapovuka barabara akiwa na mikromita mfukoni, na fundi wa Gerezani akampokea kwa swali badala ya mzaha, kitakachorekebishwa ni kikubwa kuliko injini. Hadi siku hiyo, kijana wa bodaboda ataendelea kuvaa kofia ngumu kichwani na kuutegemea ukingo wa kijino kilichoviringika, ambacho hakuna aliyekipima.